Ngoma Mtaa wa Alice, shule Barabara ya Telegraph

Ukishuka treni kituo cha 19th Street, katikati ya jiji la Oakland, California, huna haja ya kumuuliza mtu njia ya kwenda Fox. Unapanda ngazi, unatembea hatua chache, na bango lake la wima limeshakuita kutoka Barabara ya Telegraph. Ni jumba la sinema la mwaka 1928, la zama zile ambapo mwenye sinema alitaka mtu akikata tiketi ajione anaingia hekaluni. Hekalu la nchi gani hasa, wasanifu hawakujisumbua nalo: Uhindi wameuchota kidogo, Waarabu wamewaazima kidogo, na kilichopungua wamekibuni. Kulia na kushoto kwa jukwaa wameketi miungu wawili wakubwa wa rangi ya dhahabu, macho yanawaka gizani. Usiku wanamuziki wakubwa hupiga hapo na mashabiki hupanga foleni barabarani.

Asubuhi wanaoingia ni wengine kabisa. Ni watoto wa kuanzia miaka 11 hadi 18, huyu ana fidla mgongoni, yule ana bunda la karatasi za kuchorea, mwingine kashika viatu vya kuchezea mkononi kama mtu aendaye kuvuka mto. Ndani ya majengo yanayouzunguka ukumbi ule, kama nyama ya embe inavyozunguka kokwa, kuna madarasa. Hiyo ndiyo Oakland School for the Arts, shule ya umma isiyotoza ada, darasa la 6 hadi la 12.

Wamarekani wana aina ya shule ambayo kwetu haina mfano kamili. Tuiite shule ya mkataba. Watu wanakaa, wanaandika andiko: tutafundisha nini, tutaendeshaje shule, mtatupima kwa kipi. Mamlaka ya elimu ikiridhika inawapa ruhusa, na serikali inalipa kwa kila kichwa cha mwanafunzi, kama inavyolipia shule nyingine za umma. Kuajiri walimu na kupanga ratiba ni juu ya bodi ya shule yenyewe. Muda ukiisha, na California kwa kawaida hauzidi miaka 5, mkataba unatazamwa upya, na shule iliyoboronga inaweza kufungwa. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1991, California ikafuata mwaka 1992. Kichekesho ni kwamba aliyelinadi wazo hilo nchi nzima mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, kiongozi wa chama cha walimu. Baadaye mwenyewe akaligeuka, na hadi leo walimu wenye vyama ni miongoni mwa wapinzani wake wakali.

Shule hii ya Oakland ina baba anayefahamika. Anaitwa Jerry Brown, na ili kumwelewa inabidi turudi nyuma kidogo.

Brown aliapishwa kuwa gavana wa California Januari 1975, akiwa na miaka 36. Juni 1978 wapiga kura wa jimbo lake waliletewa pendekezo namba 13, lililotaka kodi ya majengo na viwanja isizidi asilimia 1 ya thamani. Brown alilipinga. Likapita kwa karibu theluthi mbili ya kura, naye akageuka, akalitekeleza kwa ari ya mtu aliyekuwa analitaka tangu mwanzo. Sasa, kodi ile ndiyo iliyokuwa ikilisha shule. Mapato yake yakashuka kwa zaidi ya nusu, na wilaya moja baada ya nyingine zikaanza kupunguza. Bajeti ikibanwa, popote duniani, mwalimu wa hisabati haguswi. Anayeitwa ofisini kwanza ni wa muziki. Bendi za shule zikakosa walimu. Kilichobaki, baadhi ya shule zikaanza kukitoza.

Huko Santa Barbara, kwa mfano, mwanafunzi aliyetaka kuingia katika mchezo wa kuigiza au kwaya alitakiwa kulipa dola 25. Mzazi mmoja akaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba katiba ya jimbo inaposema elimu ni bure, kuigiza na kuimba shuleni navyo vimo, na hakuna kutoza. Hukumu nzuri sana, ila haikumletea mtu mwalimu wa muziki. Tutairudia.

Tangu kura ile ya 1978, miaka 20 na ushee ikapita. Brown, ambaye kwa jumla aliwania urais wa Marekani mara tatu akashindwa mara zote, akaibuka mwaka 1999 kama meya wa Oakland, mji wa bandari unaotazamana na San Francisco ng'ambo ya ghuba. Ulikuwa mji wenye sifa nyingi na pesa kidogo. Chama cha Black Panther kilizaliwa hapo mwaka 1966. Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wake walikuwa Weusi. Brown akatangaza anataka wakazi wapya 10,000 katikati ya mji, na pamoja na hilo akaanzisha shule mbili za mkataba: moja ya nidhamu ya kijeshi mwaka 2001, nyingine ya sanaa mwaka 2002. Gwaride upande huu, dansi upande ule. Ndivyo alivyo.

Mimi naiona shule ile ya sanaa kama kazi ya mtu aliyeshika usukani siku gari linapoteza mizigo njiani, kisha akarudi uzeeni kuokota furushi moja. Yeye pengine angebisha, na ana haki yake, maana kura ile haikuwa yake.

Furushi lenyewe lilihitaji pa kuwekwa, na hapo ndipo hadithi inapotugusa sisi. Shule ilianza kama mpangaji katika jengo la jiji lililoitwa Alice Arts Center, Mtaa wa Alice. Halikuwa jengo tupu. Juu walikuwa wakipanga wasanii vyumba vya kuishi, na chini, katika kumbi za sakafu ya mbao, yalikuwa yakifanya mazoezi makundi ya ngoma ambayo Wamarekani Weusi na wahamiaji kutoka Afrika waliyajenga kwa miaka mingi: Dimensions, Diamano Coura la ngoma za Afrika Magharibi, na Fua Dia Congo.

Hilo la mwisho lilikuwa la Malonga Casquelourd, Mkongo wa upande wa Brazzaville, mpiga ngoma na mchezaji aliyefika eneo lile miaka ya 1970 na kuliunda kundi lake hapo. Kwa Kikongo ngoma ni ngoma, neno lilelile, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili angeingia darasani kwake akaelewa nusu ya maelekezo kabla ya kutafsiriwa. Darasa la namna ile lina utaratibu wake. Wapigaji wanakaa mbele, wachezaji wanapanga safu nyuma kabisa ya ukumbi, kisha safu baada ya safu zinasogea kuelekea ngoma, miguu mitupu ikigonga mbao. Ngoma kubwa ikikata, wote wanakata. Asiyesikia anabaki akicheza peke yake mbele za watu, na hakuna karipio la mwalimu linalofundisha haraka kama hilo. Mzee wa miaka 60 anacheza karibu na msichana wa miaka 9, na mlangoni walichoulizwa ni mchango wa darasa tu.

Shule ikataka kukua, ikahitaji vyumba zaidi. Kukazuka mpango wa kuwaondoa wapangaji ili wanafunzi wa sanaa wapate nafasi. Naomba msomaji aurudie mstari huo taratibu: wasanii waondoke, ili watoto wafundishwe usanii. Wenyewe waliupinga kwa kelele, wakajaza vikao vya jiji, na Malonga alikuwa mstari wa mbele. Juni 2003, katikati ya mvutano huo, dereva mlevi aligonga gari la Malonga, na Malonga akafa. Baadaye jiji likalipa jengo jina lake, Malonga Casquelourd Center for the Arts, na ndivyo linavyoitwa hadi leo. Wasanii wakabaki. Iliyohama ni shule, ikaenda kusomea katika madarasa ya kuhamishika, yale mabanda ya kubebwa na lori, karibu na Fox.

Mwaka huohuo wa 2003 wilaya ya shule ya Oakland ilifilisika. Jimbo likaikopesha dola milioni 100 na kuchukua uendeshaji wake. Naikumbusha hii kwa sababu wazazi wengi wa mji ule hawakuchagua shule za mkataba kwa falsafa. Walikuwa wanakimbia jahazi linalozama. Miaka ya 2010 ilipokuwa ikiisha, karibu theluthi ya wanafunzi wa shule za umma Oakland walikuwa katika shule za mkataba, na walimu wa wilaya walipogoma siku 7 mwaka 2019, mojawapo ya vilio vyao ni kwamba kila mtoto anayehamia huko anaondoka na fedha yake.

Fox nayo ilikuwa gofu. Sinema ilifungwa miaka ya 1960, mwaka 1973 ikapigwa moto, na kwa miaka mingi walioingia humo walikuwa njiwa. Jiji liliinunua mwaka 1996 kwa dola milioni 3, bei ya kutupa, kisha ukarabati ukala zaidi ya dola milioni 70. Shule iliwekwa katika hesabu hiyo tangu mapema: ukumbi ujae usiku, madarasa yajae mchana, mtaa uliokufa upate miguu ya watu saa zote. Mwanzoni mwa 2009 milango ikafunguliwa, na watoto wakatoka kwenye mabanda wakaingia jumba la dhahabu.

Maisha ya humo yanaendeshwa na kitu ambacho Mtanzania atakiita mchepuo. Kila mwanafunzi ana wake: ala za muziki, uimbaji, dansi, uigizaji, sanaa za kuchora, uandishi, picha za kidijitali, ubunifu wa jukwaa na mavazi, kwa wakati fulani kulikuwa hata na mchepuo wa sarakasi. Aljebra, biolojia na historia zipo kama kwingineko, kwa sababu vyuo vikuu vya California vina orodha ya masomo vinayoyataka na havijali mtu anarukaje. Lakini ukimuuliza mtoto wa pale yeye ni nani, anataja mchepuo kabla ya darasa. Na kila mchepuo una tabia zake. Wa dansi hawakai kitini sawasawa. Wa ala wanabeba mizigo. Wa jukwaa wananuka rangi.

Hao wa jukwaa nina mapenzi nao. Ni watoto ambao hawaonekani: wanapiga misumari, wanapaka mbao zionekane mawe, wanaelekeza taa kwa mwenzao anayepigiwa makofi. Mmoja wao aliitwa Angus Cloud. Alisoma mambo hayo ya jukwaa, akamaliza, akaenda New York kufanya kazi mgahawani, na siku moja akiwa anatembea mtaani akasimamishwa na mtafuta waigizaji. Hakuwa amesomea kuigiza. Mwaka 2019 akatokea katika tamthilia ya Euphoria, na nyota wa tamthilia ile alikuwa Zendaya, mzaliwa wa Oakland ambaye naye alipita shule hiyohiyo kabla familia haijahamia Los Angeles. Mpiga misumari na mwigizaji walikutana mbele ya kamera moja. Cloud alifariki Julai 2023, akiwa na miaka 25.

Kehlani naye ni wa pale. Ndoto yake ya mwanzo ilikuwa dansi, goti likaumia, akahamia kwenye sauti, na sauti ndiyo dunia inayoijua. Shule yenye michepuo mingi chini ya paa moja ina faida hiyo isiyoandikwa kwenye andiko lolote la mkataba: mlango mmoja ukifungwa, mwingine uko hatua 20 ukumbini.

Sifa kubwa kuliko majina hayo, kwa maoni yangu, ni ya kikundi cha Vocal Rush. Ni wanafunzi wanaoimba bila ala, kama kwaya za Kanisa la Kristo tunazozijua, ila hawa ngoma wanaipiga kwa mdomo. Mmoja anashuka chini kuwa besi, mwingine anatema vishindo na misasa kwenye kipaza sauti, wanaobaki wanasuka juu yake. Mwaka 2012 na 2013 walichukua ubingwa wa mashindano ya kimataifa ya sekondari ya uimbaji huo, na Desemba 2013 waliingia kwenye shindano la televisheni, The Sing-Off, wakipambana na watu wazima wenye vikundi vya kulipwa. Wakamaliza wa tatu. Uimbaji wa aina hiyo hauna pa kujificha: mmoja akipanda nusu sauti, nyumba nzima inapinda, na kila mtu anajua ni nani.

Sasa turudi mlangoni, maana hapo ndipo ubishi ulipo. Kwa miaka mingi mtoto aliingia shule hii kwa usaili. Mchukulie wa miaka 11. Anasimama mbele ya meza ya watu wazima watatu, anaimba ubeti mmoja au anasema maneno ya mhusika aliyokariri, dakika chache, anashukuriwa, anatoka. Nyumbani kwao kuna piano, au hakuna. Alilipiwa mwalimu wa dansi tangu ana miaka 5, au alijifunza mbele ya kioo cha kabati. Wanaosikiliza wanaapa wanatafuta kipaji, na nawaamini. Lakini kipaji kilichopigwa pasi kinaonekana haraka kuliko kilichokunjamana. Sheria ya California ya shule za mkataba yenyewe inasema waombaji wakizidi nafasi, ipigwe kura ya bahati nasibu hadharani. Shule za sanaa zikajikuta katikati: zina jina la umma, na mlango wenye ungo.

Huu si ugonjwa wa Oakland peke yake. Kusini zaidi, Santa Ana, iko Orange County School of the Arts, iliyoanza mwaka 1987 kama masomo ya jioni katika sekondari ya Los Alamitos na kugeuka shule ya mkataba mwaka 2000. Pedro Pascal alisoma hapo zama za Los Alamitos. Santa Ana ni mji ambao zaidi ya robo tatu ya wakazi ni Walatino, na mwaka 2019 wilaya iliyoilea shule ile ilihoji kwa nini sura za darasani hazifanani na za mtaani, ikagusa usaili, ikagusa michango wanayoombwa wazazi, ikadai na zaidi ya dola milioni 19 za elimu maalumu. Shule ilikana na kwenda mahakamani, kisha ikahamishia mkataba wake kwa bodi ya elimu ya kaunti.

Michango, basi. Fedha ya serikali inatosha aljebra. Haitoshi piano, sakafu ya dansi, mtu wa kurekebisha taa. Na kwa hukumu ile ya 1984 huwezi kutoza hata dola 25. Kinachobaki ni kuomba, na kuomba kunataka mwombaji mwenye jina. Brown alikuwa mwombaji wa aina yake: akiwa meya, akiwa mwanasheria mkuu, hata aliporudi kuwa gavana mwaka 2011 hadi 2019, aliendelea kuzichangishia shule zake mbili mamilioni ya dola kutoka kwa makampuni na matajiri. Kisheria alitakiwa kuyatangaza, akayatangaza. Waandishi wa habari hawakuacha kuuliza kampuni inayomchangia gavana shule yake inatarajia nini. Swali halali. Lakini nauliza la pili: shule ya sanaa isiyoanzishwa na gavana inamwomba nani?

Jibu la sehemu lilikuja Novemba 2022. Wapiga kura wa jimbo lilelile, baadhi yao wajukuu wa waliopiga kura ya 1978, walipitisha pendekezo namba 28, linalotenga karibu dola bilioni 1 kila mwaka kwa muziki na sanaa katika shule zote za umma, za mkataba zikiwamo. Shule kubwa zinatakiwa kutumia sehemu kubwa ya fungu hilo kuajiri watu, siyo kununua vinanda vya kufungia stoo. Ilichukua miaka 44.

Nikisoma hayo nakumbuka shule yangu ya msingi, ambayo sitaitaja, ambapo kipindi cha Haiba na Michezo kilikuwa kwenye ratiba kila wiki na kila wiki tulikwenda kupalilia bustani ya mwalimu mkuu. Majirani zetu Wakenya, katika mtaala wao mpya, wameifanya Sanaa na Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Nitapenda kuona nani atakaa kwenye meza ya usaili, na piano itatoka wapi.

Oakland ya leo siyo aliyoikuta Brown. Wakazi wake Weusi wamebaki kama moja ya tano tu, na pale mji ulipokuwa na maduka yaliyofungwa kuna ghorofa za kupanga. Mkabala na jengo la Malonga wachoraji walipaka ukuta mzima sura za wachezaji na wapiga ngoma wa mtaa ule, Malonga mwenyewe akiwamo. Haikupita miaka mingi, likajengwa ghorofa mbele yake na picha ikafunikwa.

Kutoka Fox hadi Mtaa wa Alice ni kama robo saa kwa miguu. Fua Dia Congo lipo bado, na anayeliongoza sasa ni binti yake Malonga. Darasa likianza, wapigaji wanakaa mbele, safu zinapangwa nyuma, na mgeni anaonyeshwa safu ya mwisho, avue viatu, amtazame aliye mbele yake.